Kabla ya kumeza kidonge kingine cha vitamini D ukiwa na kalsiamu nyingi kwenye damu

Ukishaambiwa kalsiamu yako iko juu, hesabu kila kopo la vitamini kuwa dawa. Kabla ya kurudi kwa daktari, kusanya vyote unavyomeza uende navyo: vidonge vya mifupa, mafuta ya ini la samaki, unga wa lishe, hata vidonge vya kutafuna vya kiungulia, maana vingi ni kalsiamu kabonati. Usitegemee kumbukumbu. Soma maandishi madogo, ujumlishe. Vitamini D huandikwa kwa yuniti (IU) au mikrogramu, na mikrogramu 1 ni yuniti 40. Kikomo cha yuniti 4,000 kwa siku kiliwekwa kwa watu wazima wenye afya. Wewe ambaye kalsiamu imeshapanda usijipimie nacho. Vitamini A nayo ikizidi hupandisha kalsiamu. Na kama ulidungwa sindano ya vitamini D, itaje hata kama ni ya miezi iliyopita: sindano moja inaweza kubeba yuniti 300,000, na vitamini hii hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo ukiacha leo kalsiamu haishuki kesho.

Wapo wanaopandishwa kalsiamu na kiasi kidogo ambacho mwenzao anakimeza bila shida, na inaniuma wanapoambiwa kwamba haiwezekani. Inawezekana. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba hitilafu katika jeni iitwayo CYP24A1 huuzuia mwili kuivunja vitamini D. Kwetu ni muhimu zaidi kukumbuka kifua kikuu: seli za uvimbe wake huweza kuiamsha vitamini D zenyewe, bila kusubiri amri ya figo. Ukiwa na kikohozi kisichoisha, homa za jioni au historia ya TB, sema kabla hujaandikiwa chochote.

Taja pia dawa za presha. Hydrochlorothiazide na bendroflumethiazide hupunguza kalsiamu inayotoka kwenye mkojo, kwa hiyo hubaki kwenye damu. Lithiamu, ambayo ni dawa ya maradhi ya akili, nayo huweza kuipandisha. Usiziache kwa uamuzi wako, muulize aliyekuandikia.

Kipimo cha kutokosa ni cha homoni ya parathairoidi, PTH, kinachosomwa pamoja na kalsiamu, albumini (protini ya damu), kreatinini (kipimo cha figo) na vitamini D yenyewe. Kalsiamu ya kawaida ni takriban milimoli 2.1 hadi 2.6 kwa lita. PTH ikiwa juu, au hata ya kawaida wakati kalsiamu imepanda, shaka huelekea kwenye tezi nne ndogo za shingoni zinazotoa homoni hiyo. PTH ikiwa chini, daktari atatafuta chanzo kingine, saratani ikiwemo. Ukimeza biotini kwa ajili ya nywele na kucha, mjulishe mpimaji mapema, kwani huweza kuvuruga jibu la PTH.

Maji ni kinga kubwa, isipokuwa umezuiwa kwa sababu ya moyo au figo. Ramadhani ikikaribia, zungumza na daktari kabla ya kufunga, kwa sababu upungufu wa maji huipandisha kalsiamu. Maziwa usiyakatae bila ushauri.

Watu wa nyumbani wazijue dalili: kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kufunga choo, kichefuchefu, uchovu. Mgonjwa akianza kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kiasi au moyo kwenda mrama, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na mfuko wa makopo yake uende naye.