Mguu wa kuku na jerikani: jionee mifupa, viungo na misuli vinavyoshirikiana

Wagonjwa ninaowatibu viungo hapa Arua huita kila kitu mshipa. Goti likiuma ni mshipa, bega likikaza ni mshipa. Sibishani nao. Huwaambia tu siku wakichinja kuku wasitupe miguu, wafanye haya.

Hatua ya 1: Andaa vitu

Mguu mmoja mbichi wa kuku, kuanzia paja mpaka kucha. Kisu. Jerikani ya lita 5 iliyojaa maji. Na mwili wako, wenye mifupa 206 na misuli zaidi ya 600, ambayo sikuombi uikariri. Kisu kiwe kikali kweli: mara ya kwanza nilitumia butu, nikachanachana kila kitu, nikabaki sina cha kuvuta mbele ya wanafunzi wawili.

Hatua ya 2: Vuta kano

Tenganisha sehemu yenye magamba na sehemu yenye nyama, ukipitisha kisu kwenye kiungo. Ulipokata utaona nyuzi nyeupe zinazong'aa. Hizo ni kano, na kazi yake ni kuunga msuli na mfupa. Shika ya nyuma kwa kitambaa, maana inateleza, kisha uvute. Vidole vinajikunja. (Ukiwa na watoto jikoni, hapa watapiga kelele.) Sasa vuta ya mbele, vidole vinafunguka.

Kamba ya kisimani huvuta ndoo, haiisukumi. Msuli ni hivyo hivyo: unajifupisha na kuvuta, basi. Ndiyo maana kila anayekunja anahitaji mwenzake wa kukunjua.

Tena angalia: kwenye vidole vya kuku karibu hakuna nyama. Misuli inayovivuta imebaki juu, kwenye ile sehemu uliyoitenga. Shika kigasha chako, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja, kwa mkono wa pili, uchezeshe vidole kama unayepiga kinanda. Unasikia kinavyotikisika? Misuli mikubwa ya kukunja vidole vyako iko hapo, si kiganjani.

Hatua ya 3: Fungua goti

Goti la kuku liko juu, karibu na mwili, limefichwa na manyoya. Kile kinachoonekana kama goti lililopinda kinyume ni kifundo cha mguu, na ndicho ulichokikata.

Kunja goti hilo na kulikunjua: linakubali. Lipinde kando: linakataa. Kinacholizuia ni ligamenti, mikanda inayounga mfupa na mfupa. Ukiteguka kifundo uwanjani, mara nyingi ndiyo iliyovutika au kuchanika, wala si mshipa. Kata mikanda hiyo, uguse ncha za mifupa. Ule utelezi ni gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, iliyopakwa ute wa kiungo. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikilika haiponi kirahisi.

Hatua ya 4: Shika jerikani

Kunja kiwiko kama pembe ya meza, ushike jerikani. Papasa mkono wa juu: mbele pagumu, nyuma palegevu. Iweke chini, kisha bonyeza meza kwa kiganja. Sasa nyuma ndiko kugumu.

Kano ya msuli wa mbele imeshika mfupa kama sentimita 4 tu kutoka kwenye kiwiko, na jerikani iko kama sentimita 32. Hiyo ni mara 8. Kwa kilo 5 za maji, msuli unavuta kama kilo 40, na uzito wa mkono wenyewe sijauhesabu. Ni hasara, lakini ina faida yake: kano ikisogea sentimita 1, kiganja kinasogea 8. Bila hivyo usingeweza hata kurusha jiwe mbali.

Hatua ya 5: Tembea nayo

Ibebe kwa mkono wa kulia. Weka kiganja cha kushoto kiunoni, kando ya uti wa mgongo upande wa kushoto: msuli umekaza, unavuta ili usiegemee kulia. Sasa jitwike kichwani, kama mama zetu wanavyobeba ya lita 20. Pale palipokaza panalegea, kwa sababu uzito unashuka pingili kwa pingili, na misuli imebakiwa na kazi ya kusawazisha tu.

Osha mikono na kisu kwa sabuni. Mguu wenyewe usafishe, uutie kwenye supu.