Soma lundo la mboji kwa kijiti

Ubaoni, katika mchoro wa ikolojia, mshale wa nishati, inayopita mara moja tu, na mshale wa madini kama naitrojeni, fosforasi na potasiamu, yanayozunguka, huchorwa kwa chaki ileile, ndiyo maana wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huichanganya. Mimi huwapeleka kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, huku Marangu, Kilimanjaro, tukajenga lundo la mboji linaloonyesha tofauti hiyo. Nawe jenga.

Chagua kivuli karibu na zizi. Tandaza mabua ya mahindi chini ili hewa ipite. Juu weka majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa, samadi mbichi yenye mkojo wa ng'ombe, majani mabichi, koleo la udongo na majivu kidogo. Nyunyizia maji, rudia tabaka hadi lundo lifike kifuani. Likiwa dogo halipati joto. Lifunike, kisha chomeka kijiti kirefu kwa mshazari mpaka katikati.

Baada ya siku tatu nne kichomoe ukishike. Kinaunguza! Joto hilo, linaloweza kufika nyuzi 60, ni jua la msimu uliopita. Mgomba ulilinasa, ng'ombe akatumia sehemu yake, sasa bakteria wanamalizia. Likishapotelea hewani hakuna mmea utakaolitumia tena, kwa hiyo kihamba hudai jua jipya kila kukicha.

Kijiti kikitoka kikavu chenye ukungu mweupe, ongeza maji. Kikinuka uvundo, maji yamezidi, geuza lundo. Harufu ya mkojo inayochoma macho ni amonia: naitrojeni yako inakimbia. Hapo sina subira, ongeza majani makavu saa hiyohiyo, la sivyo utainunua tena dukani kwa bei ya mbolea ya yurea.

Geuza baada ya wiki tatu hivi. Lundo litakuwa limeshuka sana. Halijaliwa na ardhi. Kaboni nyingi imetoka kama kabonidayoksaidi, na majani ya mimea yataivuta tena. Fosforasi na potasiamu haziruki hewani, ila mvua huosha potasiamu, basi usiache lundo wazi wakati wa masika.

Mlango mwingine wa potasiamu ni lori. Kila mkungu unaopelekwa Dar es Salaam unaondoka nayo. Ukiuza ndizi, angalau rudisha majivu ya jikoni, maganda, na vigogo vya migomba iliyovunwa.

Mboji ikishakuwa nyeusi, usitambue tena jani ndani yake, mwaga debe moja kuzunguka kila shina na ufunike kwa matandazo.