Kabla ya kufuma na kushona nguo za kugawa wodini

Kabla hujashika sindano za kufumia au kukalia cherehani, nenda kaulize. Muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi atakueleza kinachopungua, na mara nyingi jibu lake halitafanana na ulichokiwaza nyumbani: unaweza kuwa umepanga masweta ya watoto wa miaka miwili, kumbe kinachohitajika ni kofia za watoto waliozaliwa kabla ya wiki ya 37, ambao kofia ya mtoto aliyetimiza miezi yake huwashuka hadi kidevuni. Watoto hawa hulazwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa njia iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo sweta zito humtenga na joto la mama yake, ilhali kofia na soksi humfaa.

Hesabu muda. Jua la mchana la Dodoma huwadanganya wengi, lakini kuanzia Juni hadi Agosti usiku una baridi yenye upepo, na anayeanza kufuma Juni atamaliza baridi ikiwa imekwisha. Anza Machi.

Chagua uzi laini usiotoa manyoya. Sufu halisi ikifuliwa kwa maji ya moto hushikamana na kusinyaa, na akriliki huharibika kwa pasi ya moto. Wodini hakuna wa kufua kikofia kimoja kimoja kwa maji ya vuguvugu. Kitambaa cha pamba kiloweke na kukianika kabla ya kukikata, kwa maana hurudi, na kinachochuja rangi kiache. Vifungo, shanga na riboni usiweke kabisa.

Sasa soksi. Mwaka wa kwanza kikundi chetu cha akina mama wa Majengo kilifuma jozi 40 zenye maua ya rangi tatu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya ukaguzi. Nilikagua upande wa nje tu, nikasifia maua, nikafunga mfuko. Ufumaji wa rangi nyingi huacha nyuzi ndefu zinazopita kwa ndani, jambo nililolijua tangu nikiwa msichana lakini sikulifikiria kwa mguu usiozidi kidole changu cha kati. Siku ya tano nesi akanipigia simu: "Mama, njoo uone hii soksi yenu." Mtoto alikuwa amelia usiku kucha, alinyonyeshwa, akapimwa homa, akabadilishwa nepi, hadi bibi yake alipomvua soksi na kukuta uzi umezunguka kidole cha mguu mara tatu na kuzama katika ngozi, kidole kimevimba na kuiva. Daktari aliukata kwa mkasi mdogo na kidole kikapona, ila yule bibi hakunitazama usoni, nami sikuwa na la kumwambia. Jozi 38 tulizirudisha siku ileile. Mbili zilikuwa zimekwenda Bahi na wenyewe, na tulitafuta watu wa kupeleka ujumbe kwa siku mbili.

Tangu hapo tunafuma soksi za rangi moja, tunazigeuza nje ndani, tunaingiza kidole na kuzungusha tukiwa tumefumba macho, na mkia wa uzi tunaufumia ndani ya mishono badala ya kuukata mfupi. Chochote kinachonasa kidole kinafumuliwa, hata kama aliyekifuma ni mwenyekiti.

Ukishamaliza, fua kila kitu, kianike juani na ukifungashe kwa ukubwa. Usihifadhi nguo hizo pamoja na vile vidonge vyeupe vya nafutalini vya kufukuzia wadudu sandukuni, kwani vinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo, na watoto wa namna hiyo si wachache katika nchi zenye malaria. Usipeleke nguo ikiwa una mafua. Usimvalishe mtoto wewe mwenyewe, mpe mama yake au muuguzi. Na simu ibaki mkobani, kwa kuwa mama aliyejifungua juzi hana nguvu ya kukukatalia picha.