Mlo wa mchana wa Kibengali katika jiko la ughaibuni

Mbengali wa Kolkata anayeishi nje ya India anaweza kubadilisha samaki, mchele na hata sufuria, na chakula kikabaki cha kwao. Visivyovumilia mzaha ni viwili: namna mafuta ya haradali yanavyopashwa, na mpangilio wa kula. Vipimo vya hapa vinatosha watu 4. Ukiwa na jiko la mioto miwili, tenga saa moja na nusu.

Manunuzi kwanza

Kama mtaani kuna duka la Wabangladeshi, anzia huko. Maduka mengi ya vyakula vya Kihindi ughaibuni hufuata ulaji wa Wagujarati na Wapunjabi, na samaki huwa hawamo kabisa. Kwa Wabangladeshi utapata samaki wa Kibengali: rui na katla wa barafu, na ilish akiwepo, pamoja na mchele wa kila siku, na mafuta ya haradali. Mwombe muuzaji akukatie samaki mapande ya kukatiza mwili, unene wa sentimita 2 hadi 3, mfupa ukiwemo. Minofu ya supamaketi isiyo na mifupa husambaratika ndani ya mchuzi mwepesi, na ladha ya mfupa unaikosa. Rui akikosekana, samaki aina ya kapu (carp) au sato anamfaa.

Viungo vya kuungia, panch phoron, ni mbegu za aina tano ambazo hazisagwi: uwatu, habasoda, bizari nyembamba, shamari na radhuni. Radhuni ni adimu nje ya Bengal, kwa hiyo wengi huweka mbegu nyeusi za haradali mahali pake. Changanya kijiko kimoja kimoja cha chakula, ila uwatu weka nusu, kwa kuwa ndio unaowahi kuungua na kuchachafya chungu kizima kwa uchungu. Hifadhi kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na jiko.

Posto, yaani mbegu nyeupe za mpopi, ni kipenzi cha nyumba za Bengal Magharibi, lakini Singapore na Falme za Kiarabu zimezipiga marufuku. Usizifungashe kwenye sanduku kwa mazoea. Korosho zilizolowekwa na kusagwa zitakupa uzito wa rojo, ladha hazitakupa.

Mafuta ya haradali

Mafuta haya yakiwa mabichi yana ukali unaopanda puani. Mimina kwenye karai, washa moto wa wastani, na uyatazame. Kwanza yanatulia, kisha yanaanza kutoa moshi mwembamba na rangi ya dhahabu inapauka. Hapo zima moto na usubiri karibu nusu dakika. Mtu akitupa panch phoron ndani ya mafuta yanayofuka moshi, mbegu zinageuka nyeusi papo hapo na dali (mchuzi wa dengu) yote inakuwa chungu. Hakuna cha kuokoa. Mwaga mafuta, futa karai, anza upya. Kosa la upande wa pili ni kuyapasha nusunusu: chakula kinabaki na ule ukali mbichi, na samaki anaganda kwenye karai.

Moshi huo ndio unaowagombanisha wapangaji wa ghorofa na kengele za moto. Fungua dirisha na uwashe feni kabla ya kuweka karai, usingoje moshi utokee. Funga mlango wa chumba cha kulala pia, la sivyo shuka zitanukia haradali kwa siku kadhaa.

Marekani na katika nchi nyingi za Ulaya, chupa za mafuta haya huandikwa kuwa ni ya matumizi ya nje ya mwili tu, kwa sababu ya asidi ya eruki. Kuyapasha hakuiondoi asidi hiyo. Kinachoondoka ni ukali. Anayetaka kuifuata lebo atumie mafuta ya kanola, ambayo ni ya jamaa ya haradali na yamezalishwa yakiwa na asidi hiyo kidogo mno, kisha ladha aitafute kwenye mbegu za haradali zenyewe.

Wali na dali

Wali wa kila siku wa Kibengali hautokoswi maji yakakauka. Chemsha lita 2.5 za maji, tia gramu 400 za mchele uliooshwa, na ukiiva umwage maji yote kwenye chujio. Mchele uliochemshwa kabla ya kukobolewa ndio wenyewe. Huchukua kama dakika 20, lakini bonyeza punje kwa vidole badala ya kuamini saa. Kumwaga maji kunaondoa wanga, punje zinaachana, na mchuzi mwepesi unapenya katikati yake.

Wakati huo, moto wa pili una dali. Osha gramu 200 za dengu nyekundu mpaka maji yawe safi kiasi, weka mililita 800 za maji na nusu kijiko cha chai cha manjano. Engua povu. Baada ya dakika 20 hivi zitakuwa zimevurugika. Zipige kwa mwiko, tia chumvi na sukari ya kubana kwa vidole. Pasha kijiko kimoja na nusu cha chakula cha mafuta kama ilivyoelezwa, tia pilipili kavu 2 na kijiko kimoja cha chai cha panch phoron. Zikianza kupasuka na kunukia, mimina yote juu ya dali na ufunike mara moja, harufu isikimbie. Dali hii inapaswa kumiminika. Ikisimama kwenye kijiko, ongeza maji ya moto.

Biringanya linakaangwa hivi: kata vipande vya duara vya sentimita 1.5, paka chumvi, manjano na sukari kidogo, acha dakika 10, kisha yafute maji yaliyotoka. Kaanga kwa mafuta yaliyopata moto vizuri, dakika 4 kila upande, bila kuyageuzageuza. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu, biringanya litayanywa yote.

Jhol ya samaki

Hapa ndipo wageni wa mapishi haya huongeza mambo. Jhol, yaani mchuzi mwepesi, ya kila siku haina kitunguu, haina kitunguu saumu, haina garam masala. Ukiviweka umepika chakula kingine, pengine kitamu, lakini si hiki.

Kwa mapande 6 hadi 8 ya samaki (gramu 700), paka kijiko cha chai cha manjano na kimoja cha chumvi, acha robo saa. Aliyetoka kwenye barafu ayeyuke usiku kucha ndani ya friji, alowekwe dakika 10 kwenye maji ya chumvi na ndimu kuondoa shombo, asuuzwe, kisha akaushwe kwa kitambaa. Samaki mwenye maji hurusha mafuta usoni na kuganda chini. Pasha vijiko 5 vya mafuta, kaanga mapande matatu matatu, dakika 2 kila upande, na usimguse mpaka ajiachie mwenyewe. Ilish ana mafuta yake na nyama laini. Mpitishe tu kwenye moto, au usimkaange kabisa.

Kwenye mafuta hayohayo kaanga viazi 2 vilivyokatwa virefu na vichwa vichache vya koliflawa mpaka vishike rangi, viopoe. Tia nusu kijiko cha chai cha habasoda na pilipili mbichi 3 zilizopasuliwa. Changanya pembeni kijiko cha chakula cha tangawizi iliyosagwa, kimoja cha bizari nyembamba ya unga, nusu kijiko cha chai cha manjano na maji kidogo; mimina na ukoroge kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge ubavuni mwa karai. Ukiharakisha hatua hii, mchuzi utakuwa na harufu ya unga wa bizari mbichi, na hakuna kuchemsha kutakakoiondoa. Weka mililita 750 za maji ya moto, viazi na chumvi. Vikikaribia kuiva, rudisha koliflawa na samaki, dakika 5, kisha majani ya giligilani.

Siku usiyotaka moshi, pika bhapa, yaani samaki wa mvuke. Loweka vijiko 2 vya chakula vya haradali ya njano na kimoja cha nyeusi kwa nusu saa. Chuja, saga pamoja na pilipili mbichi 2 na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kwa mizunguko mifupi ya mashine. Kusaga kwa muda mrefu ndiko kunakoleta uchungu. Rojo likiwa na maganda mengi lipitishe kwenye chujio. Paka kwenye samaki mbichi pamoja na manjano na vijiko 2 vya mafuta mabichi ya haradali, funga ndani ya kopo la chuma la kubebea chakula, lisimamishe kwenye sufuria ya maji yanayochemka yafike nusu ya kimo chake. Dakika 15 zinatosha. Hata salmoni anapikika hivi vizuri.

Kuwalisha wageni

Asiyejua mlo huu atapakua vyote kwa mpigo, mchuzi juu ya dali juu ya chatine, kisha aseme chakula hakina ladha. Wewe mwenyeji pakua kwa zamu. Weka wali, chumvi pembeni, ndimu na pilipili mbichi. Wali kidogo na samli, halafu dali na biringanya, halafu samaki na wali mpya. Ukipika shukto, mboga zenye karela, hiyo hutangulia yote, kwa kuwa uchungu ndio unaofungua hamu. Nyama, ikiwepo, huja baada ya samaki. Chatine ya nyanya huja mwisho: nusu kilo ya nyanya, vijiko 5 vya sukari, tende 6, tangawizi, pilipili kavu moja na panch phoron kidogo, ichemke dakika 15 mpaka ing'ae.

Miiba ni suala zito kuliko pilipili. Ilish ana miiba mingi myembamba ambayo mkono huitambua mapema kuliko uma, kwa hiyo waombe wageni wale kwa mkono wa kulia. Mtoto au asiyezoea mpe pande la tumbo la rui, lenye mifupa mikubwa inayoonekana, au umpikie kamba wa nazi. Uchaguzi kati ya kamba na ilish nao una siasa zake Kolkata, kwenye timu mbili za soka: Mohun Bagan ikishinda, mashabiki hula kamba, ikishinda East Bengal, ni ilish.

Wali ukibaki, upoze upesi, uloweke kwenye maji safi na uuweke kwenye friji hadi asubuhi. Unaliwa baridi na chumvi, kitunguu kibichi, pilipili mbichi, matone ya mafuta ya haradali na kipande cha samaki wa jana kilichokaangwa upya. Rojo la haradali lililobaki lifunike kwa mafuta kidogo kwenye chupa na ulimalize ndani ya siku 2, maana ukali wake hupungua haraka na uchungu hubaki palepale.