Namna ya Kukusanya Maoni ya Wasomaji wa Riwaya ya Mazimwi Yenye Mzaha

Riwaya inayomtoa mnyonya damu katika ngome yake ya kale, ikampandisha chombo cha anga na kumweka chumba kimoja na maiti ya Kimisri iliyofufuka na mtu anayegeuka mbwa mwitu, huku ikimtaka msomaji aogope na acheke katika ukurasa uleule, huwagawanya wasomaji kuliko riwaya nyingine nyingi. Nimesimamia mazungumzo ya vitabu vya aina hii mara kadhaa hapa Moshi, katika kikundi kidogo cha marafiki na majirani, na jambo moja limenikaa: ukiwauliza watu kama kitabu ni kizuri watakupa hukumu, lakini ukiwauliza walicheka wapi na waliogopa wapi watakupa maoni. Maelekezo haya yamejengwa juu ya tofauti hiyo.

Chagua kwanza wakati na watu. Watu wanane hadi kumi wanatosha, mradi wasiwe wa rika moja, kwa kuwa kijana aliyekulia kwenye filamu na mzee aliyekulia kwenye hadithi za jioni hawatishwi na jambo moja. Kwa Moshi miezi ya Juni na Julai ndiyo inayofaa zaidi, kwani mawingu huuficha mlima siku nyingi, baridi huwarudisha watu nyumbani mapema, na birika la chai ya tangawizi huwa sababu tosha ya kuketi. Vitabu hivi vyenyewe vina asili ya baridi. Mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka mwaka 1815, vumbi na gesi zake zikaharibu kiangazi cha Ulaya cha mwaka uliofuata, na Juni 1816 Mary Shelley, aliyekuwa binti wa miaka 18, alizuiwa na mvua karibu na ziwa la Geneva pamoja na wenzake, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Kutokana na mashindano hayo alizaliwa kiumbe wa Frankenstein, aliyetokea kitabuni mwaka 1818, na daktari John Polidori aliyekuwa pamoja nao akaja na hadithi ya mnyonya damu iliyochapishwa mwaka 1819. Wasimulie wasomaji wako habari hiyo kwa dakika tano, maana sisi tunaoishi chini ya volkano hatuhitaji kushawishiwa kwamba mlima unaweza kubadili hali ya hewa na bahati ya watu.

Hatua inayofuata huachwa na wasimamizi wengi, nami niliiacha mara ya kwanza kwa hasara. Mzaha wa riwaya hizi hutegemea kanuni za mazimwi: mwandishi huzivunja au huzitii kupita kiasi, na msomaji asiyeijua kanuni hawezi kucheka inapovunjwa. Kwa hiyo, kabla ya kugawa nakala, zungumzeni kila mmoja anajua nini kuhusu mnyonya damu, kiumbe wa maabara, maiti ya Kimisri na mtu-mbwa mwitu, kisha mtenganishe yanayotoka vitabuni na yanayotoka kwenye sinema. Wasomaji wangu walishangaa kujua kwamba Frankenstein ni jina la mwanasayansi, wala si la kiumbe aliyemuunda, na kwamba vyuma viwili vya shingoni mwa kiumbe huyo vililetwa na filamu ya mwaka 1931. Walishangaa zaidi kusikia kwamba Dracula wa Bram Stoker, katika riwaya ya mwaka 1897, hutembea mchana akiwa na nguvu pungufu tu, na kwamba mnyonya damu kuangamizwa na mwanga wa jua kulianzia kwenye filamu ya kimya ya Kijerumani ya mwaka 1922. Mtu akishayajua hayo, halafu akasoma kwamba mnyonya damu amejipaka mafuta ya kuzuia jua kabla ya kutoka kwenye chombo cha anga, huona vizuri mwandishi anamchokoza nani.

Baada ya mazimwi ya ng'ambo, waulize wasomaji mazimwi yao wenyewe, na hapa usiwe na haraka. Neno letu mumiani lina undugu na neno ambalo Wazungu huiitia maiti ya Kimisri iliyokaushwa. Yote mawili yanarudi kwenye jina la Kiajemi la dutu nyeusi kama lami iliyotumiwa kuwa dawa, na kuna wakati unga wa maiti zenyewe uliuzwa huko Ulaya kama tiba. Kwetu neno hilo likawa jina la watu wanaodhaniwa kukamata wengine usiku na kuwatoa damu, na enzi za ukoloni uvumi ulienea Afrika Mashariki kwamba wazimamoto ndio waliofanya kazi hiyo. Kwa msomaji aliyelelewa na uvumi huo, tukio la mnyonya damu aliyevaa koti jeupe na kushika sindano, ambalo mwandishi amelikusudia liwe kichekesho, linaweza kuwa tukio la kutisha kuliko yote kitabuni. Mama mmoja wa Majengo aliniambia hapo ndipo alipokiweka kitabu chini kwa siku mbili. Liandike jibu la namna hiyo kama lilivyo na usilisahihishe, kwa kuwa ndilo jibu ambalo msomaji wa London hawezi kulitoa.

Mambo hugeuka upande wa pili kwa mtu-mbwa mwitu. Mnyama wa Ulaya aliyekusudiwa hayupo kwetu, na msomaji wa hapa anaposikia mbwa mwitu humwona yule wa mbugani mwenye masikio makubwa ya duara na madoa ya rangi tatu, ambaye ni mwindaji hodari lakini sura yake haimkoseshi mtu usingizi. (Mimi mwenyewe nilisoma sura nzima nikimwona huyo, na nilicheka pasipostahili.) Anayezijua hadithi za Kichaga atamkumbuka irimu, ambaye katika baadhi ya masimulizi ni mtu anayejigeuza chui, na mara moja tukio lililokuwa jepesi litapata uzito.

Wakati wa kusoma, kila mmoja aweke vipande vya karatasi kati ya kurasa, kimoja chenye herufi K mahali alipocheka na kingine chenye herufi W mahali alipopatwa na woga. Asiandike kwenye kitabu chenyewe, maana nakala ni chache na huenda zikapita mikononi mwa watu watatu kabla ya siku ya mkutano. Mahali penye K na W kwa pamoja pana thamani ya pekee, kwa sababu ndipo mwandishi alipofanikiwa kufanya alilokusudia. Wape wiki nne. Walioahidi kumaliza kwa wiki mbili ndio huja wakiwa wamefika katikati.

Siku ya mazungumzo, kila mtu aandike jibu lake kwenye karatasi kabla ya yeyote kusema. Mkutano wangu wa kwanza niliufungua kwa kumkaribisha mwalimu mstaafu, kwa heshima ya umri wake, nikamuuliza, "Mwalimu, wewe umekionaje?" Akajibu kwamba ni upuuzi uliovaa nguo za sayansi. Baada ya hapo vijana wote walikubaliana naye kwa adabu, na tukamaliza kwa nusu saa. Njiani kurudi nyumbani, binti mmoja kati yao akaniambia ndani ya daladala kwamba kitabu kilimfurahisha mno, ila asingeweza kumpinga Mwalimu mbele za watu. Tangu siku hiyo wadogo husema kwanza na wakubwa hufunga, nami huwaeleza wakubwa mapema sababu ya mpangilio huo, nao huukubali bila kinyongo. Mwalimu mwenyewe, aliposikiliza wengine kabla ya kusema, alikiri kuna ukurasa mmoja uliomchekesha, akautaja namba.

Upande wa sayansi, usiulize kama jambo linawezekana, kwa kuwa jibu ni hapana na mazungumzo yatakufa. Uliza kama kitabu kinazitii kanuni kilizojiwekea chenyewe. Mfano ninaoupenda ni wa kumpeleka mtu-mbwa mwitu kwenye Mwezi: je, atageuka muda wote kwa sababu amesimama juu yake, au hatageuka kamwe kwa sababu hawezi kuuona ukiwa mpevu angani? Na mnyonya damu huko atastarehe, maana usiku wa Mwezi huchukua takribani siku 14 za duniani, lakini mchana wake nao ni mrefu vilevile. Wasomaji wawili walibishana juu ya swali la kwanza mpaka chai ikapoa, na katika ubishi huo nilipata maoni mengi kuliko katika maswali yangu yote ya kuandaa.

Huenda akatokea mtu wa kusema kwamba vitabu hivi hukaribisha majini au vinapingana na imani yake. Usimcheke wala usimruhusu mwingine amcheke. Mwombe aeleze ni tukio lipi lililomsumbua, umwachie uhuru wa kuishia hapo, kisha uandike alichosema kwa maneno yake.

Unapoandika taarifa ya maoni, taja idadi kamili: kama ni watano kati ya tisa, andika watano kati ya tisa, usiandike wengi. Usitafute wastani wa maoni, kwa kuwa aliyekichukia kitabu na aliyekipenda hawatoi pamoja msomaji mmoja aliyekiona cha kawaida. Waache wote wawili wasimame, kila mmoja na ukurasa wake. Omba ruhusa kabla ya kunukuu, ficha majina ya wasiotaka kujulikana, na usifichue mwisho wa hadithi hata kama maoni makali kuliko yote yanahusu sura ya mwisho. Sema tu kwamba mwisho uliwagawanya, na kwa kiasi gani.

Kabla ya kuzipeleka nakala kwa kikundi kingine, zipekue zote ukurasa kwa ukurasa na uvitoe vipande vya karatasi vilivyobaki. Kimoja chenye W kilisahaulika katika nakala tuliyoipeleka Arusha, na msomaji wake alituma ujumbe kulalamika kwamba alikaa akijiandaa kuogopa tangu kurasa kumi kabla, na alipofika hapo alipiga miayo.