Viwavijeshi: Anza Kukagua Nyasi, Si Mahindi

Mvua za Machi zikianza Nairobi baada ya kiangazi kikali, mkulima wa Ruai au Kamulu hukimbilia kukagua mahindi. Ningependa aanzie pembeni, kwenye nyasi za sangari na malisho, kwa sababu huko viwavijeshi wa Afrika hunona mapema bila kuonekana.

Nondo wao huruka usiku na husafirishwa na upepo, kwa hivyo shamba lililokuwa safi juma lililopita halina kinga. Jike hutaga mayai kwa mafungu. Baada ya siku chache huanguliwa viwavi wadogo wa kijani, wa kutafutwa kwa macho makali. Wakisongamana, hugeuka weusi wenye mistari ya manjano ubavuni, na hapo ndipo tunapopigiwa simu kwamba "wametokea ghafla". Ghafla wapi? Wamekuwa wakila siku nyingi.

Hushambulia nyasi na jamii yake: mahindi, mtama, wimbi, nepia. Maharagwe na sukuma wiki usiyapulizie dawa kwa ajili yao. Pia usiwachanganye na viwavijeshi vamizi walioonekana Kenya mwaka 2017. Hao wana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na hujichimbia katika moyo wa mahindi. Hawa wa Afrika hula majani waziwazi, kisha huhama kwa kundi.

Pulizia wakiwa wadogo, kwa dawa iliyosajiliwa, jioni upepo ukitulia, maana mashamba yetu yamebanana na nyumba za watu. Kiwavi wa sentimita tatu ameshamaliza sehemu kubwa ya mlo wake na anakaribia kuingia ardhini kuwa pupa, hatua ya kugeuka nondo. Kumpulizia huyo ni kutupa pesa, ingawa wauza dawa hawatakuambia. Kundi likielekea kwako, chimba mtaro wenye kuta wima upande linakotokea.

Wafugaji wa Karen na Dagoretti, hili linawahusu zaidi: ng'ombe wamewahi kufa baada ya kula malisho yaliyotoka kushambuliwa, hata pasipo dawa. Waondoe. Wape nyasi kavu za kwingine, na usiwarudishe kwenye machipukizi mapya kabla hujaongea na daktari wa mifugo.

Korongo wakitua kwa wingi kwenye nyasi, nenda ukaone wanaokota nini. Ukikuta viwavi, mwarifu afisa kilimo wa wadi siku hiyohiyo, ili majirani nao wakague kwao wakiwa bado wadogo.