Unataka kucheza diski-golfu ku mashindano makubwa ukiwa amateri? Anza apa

Bandugu ba Lubumbashi, na bale ba Likasi na Kolwezi balishaanza diski-golfu, ule mchezo wa kutupa diski mpaka iingie mu kikapu cha minyororo kwa mitupo kidogo, kuko swali moja inanirudilia kila mara ku telefone: mutu anafanya aje juu acheze mashindano makubwa, zile zenye PDGA, shirika ya diski-golfu, inaita Major, bila kuwa profesyoneli? Inawezekana kabisa. Lakini sitaanza na nguvu ya mukono, juu apo njo batu bengi banapotea, kila mutu anataka diski ipite mita 100, kisha akifika mita 6 na kikapu anakosa na anaanza kulaumu upepo.

Makaratasi kwanza, na tupite mbio. Unajiandikisha membre wa PDGA, ile shirika yenye Ed Headrick alianzisha mu 1976, njo uyo uyo alileta kikapu cha minyororo. Unapewa namba yako ya membre na inabaki yako. Kisha unacheza mashindano yenye PDGA inatambua, ata zile ndogo, juu raundi zake njo zinakupatia retingi, ile namba ya kupima vile unacheza. Mutu wa retingi 1000 ni mukali kweli. Wewe wa kuanza, chini ya 850 unaweza kucheza MA4 (MA ni divizyo za amateri), chini ya 900 MA3, chini ya 935 MA2, na MA1 ni ya amateri benye mukono ulishaiva. Kupanda divizyo ya juu ni ruhusa, kushuka kwenye retingi yako inakukataza ni mwiko, usijaribu ata kuomba. Mashindano ya Dunia ya amateri unaingia kwa mwaliko, kufuatana na vile ulicheza, haiko kama kununua tike ya Mazembe ku mulango wa stade. Na kama ni Marekani, viza unaombea Kinshasa, kwa iyo hesabu na tike ya ndege ya kwenda kule mbele ya kuhesabu diski.

Sasa mazoezi. Kikapu ya kununua inakuya bei kali ukiongeza na usafiri, njo maana mimi nashauri suderi wa kartye. Mwambie ukingo wa juu wa ile sahani ya chini ukae karibu santimetre 82 kutoka ku udongo, na afunge minyororo mustari mbili, moja ya inje, moja ya ndani karibu na mupini wa katikati. Atataka kukuwekea ile minyororo minene ya kufungia portai, atakwambia iko solide. Kataa. Munyororo mzito sana unaweza kurudisha diski, unasikia tu "kling" na diski iko mu majani. Chukua mwembamba, ulegee kidogo, diski ikiingia imezwe.

Apo njo unajenga puti yako, ule mutupo mfupi wa kuingiza diski mu kikapu. Ndani ya mita 10 kutoka ku kikapu kuko sheria yake: ukishatupa hauwezi kukanyaga mbele mpaka uonyeshe kama umesimama vizuri, mwili umetulia. Batu ba mtaani banatupa huku banakimbilia kikapu, na ku kiwanja chetu hakuna mutu anasema kitu, lakini ku Major bale batu batatu munacheza nao banaangalia mguu wako, mmoja anaita, wa pili anakubali, bwana tayari mutupo moja umeongezwa. Kuko njia ya rahisi ya kuzoea: kata kipande cha kartoni, upana santimetre 20, urefu santimetre 30, ukiweke nyuma ya ile diski ndogo ya alama, yenye inaonyesha kwenye unatupia, kikielekea kikapu. Kila unapotupa, mguu mmoja lazima uguse mule ndani. Fanya ivyo ata siku unacheka na balafiki, mpaka mguu wenyewe ujue nafasi yake bila kuuangalia.

Na usikae sana. Ikishafika zamu yako na njia iko wazi, uko na sekunde 30. Diski ikipotea munatafuta dakika 3, basi.

Kitu chenye batu ba kwetu banasahau ni hewa. Lubumbashi iko karibu mita 1200 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, diski inapata kishikio kidogo na inakimbilia kuanguka kushoto mapema (nasema kwa mutu wa mukono wa kuume mwenye anatupa backhand, mukono ukipita mbele ya kifua). Kule Milford, Michigan, Marekani, kwenye parki ya Kensington, kwenye USADGC, ile Major ya amateri ya Marekani, imechezwa miaka mingi, uko karibu mita 300 tu. Diski ile ile yenye apa inaenda sawa, kule itageuka kuume, na yenye ulikuwa unaita ngumu, ile ya kuanguka kushoto mbio, njo itakuwa yako ya kila siku. Kwa iyo usibebe saki ya diski laini tupu, zile za kugeuka rahisi, juu ya kusikia zinaenda mbali. Fika siku mbili tatu mbele, ujifunze upya diski zako, na hapana ku mita 10, ku mitupo mirefu.

Upepo nao. Ukikupiga usoni, diski inageuka zaidi, ukikupiga mugongoni inashuka mbio. Mwezi wa nane na wa tisa apa kwetu, wakati ya vumbi na upepo, wengi banabaki ku nyumba, kumbe njo wakati ya kutoka kutupa.

Siku yenyewe, fika mapema. Ukikosekana wakati kikundi chako kinaanza, shimo ile unaandikiwa par (hesabu ya mitupo yenye inangojewa ku shimo) kuongeza 4, na ata ukikimbia namna gani haitafutika. Maji, taulo, kitu ya kukula, diski mbili za puti za aina moja. Pombe hapana, kutoka kwa ile alama ya dakika 2 mbele ya kuanza mpaka karte ya points iingie.

Diski ikitoka inje ya mpaka, unaongezwa mutupo moja na unatupia kwenye ilivuka mara ya mwisho, mpaka mita moja ndani ya mustari. Mukiachana maneno, sema na kikundi pole pole, kama haieleweki mwita offisyeli. Usikasirikie mutu alikuita kosa, kesho mutacheza tena pamoja.

Mwisho wa raundi kaa chini uhesabu karte yako shimo kwa shimo na mwenzako, mbele ya kuituma. Ukituma na jumla ya uongo unaongezwa mitupo 2. Na kama ulicheza divizyo ya profesyoneli ukapata nafasi ya kulipwa, unaweza kukataa feza ukabaki amateri. Ukikamata, amateri imeisha. Amateri analipwa na vitu, diski, saki, mashati, kwa iyo acha nafasi mu valizi.